Magrupu ya WhatsApp nayo yachambuliwe kama korosho

Mnada wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa 10, simu yangu hapa Newala haipumui: bei, mahubiri, vichekesho, tangazo lile lile mara sita. Msimu uliopita taarifa ya malipo ilinipita, imefukiwa chini ya maua ya "asubuhi njema".

Sasa grupu la chama cha msingi cha wakulima tu ndilo linaloita. Mengine nimeyanyamazisha; WhatsApp inakupa kimya cha saa 8, wiki 1 au daima, nawe chagua daima. Kisha ingia kwenye mipangilio, uzime video zisijipakue zenyewe, maana hizo ndizo mchwa wa bando. Yaliyobaki nayapitia jioni, korosho zikishaanuliwa. Shemeji alininunia wiki nzima eti simjibu. Kazoea.