Maltese wako: kitana kwanza, maji baadaye

Wateja wengi wanaoniletea mbwa wa aina ya Maltese niwatengeneze manyoya huanza na lalamiko lile lile: "Namwogesha kila Jumamosi, lakini manyoya yanazidi kushikana." Yanashikana kwa sababu ya kuoga kwenyewe. Fundo likilowa kabla ya kufumuliwa, hukauka limekaza kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto. Maltese hana manyoya mafupi ya ndani kama Spitz wa Japani. Ana tabaka moja tu la nywele laini, ndefu, zinazokua mfululizo kama za kichwani mwetu.

Andaa kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, burashi laini ya waya, mkasi wenye ncha butu, mkasi wa kucha za mbwa, shampuu ya mbwa, taulo mbili na konflawa kidogo.

Hatua ya 1: Papasa. Msimamishe juu ya meza uliyotandika taulo ili asiteleze. Pitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo na kati ya vidole vya miguu. Huko ndiko mafundo yanakoanzia, na ndiko kupe wanakojificha. Kupe mshike kwa kibano pale anapogusana na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Usimpake mafuta ya taa.

Hatua ya 2: Fumua mafundo. Hapa usiwe na haraka. Nyunyiza konflawa kwenye fundo, lifikiche kwa ncha za vidole hadi unga uingie, kisha lipasue kwa vidole vipande viwili vitatu. Bana nywele karibu na ngozi ili mvuto uishie mkononi mwako, usimfikie yeye. Anza kuchana nchani, ukisogea kidogo kidogo kuelekea shinani.

Usikate fundo kwa mkasi. Ngozi ya nyuma ya sikio ni nyembamba, na huvutwa ndani ya fundo bila wewe kuiona. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikata fundo la namna hiyo, nikakata na ngozi. Mbwa alilia, akashonwa nyuzi mbili. Sijalisahau lile sikio. Kama manyoya ya mwili mzima yameshikana, ni heri anyolewe kwa mashine. Nywele zitaota tena.

Hatua ya 3: Chana kwa mistari. Gawa manyoya kama unayetaka kusuka: piga njia hadi ngozi ionekane, chana mstari huo, kisha ufungue mwingine. Burashi ikipita juu juu, nje patang'aa huku chini pamefungamana. Kipimo changu ni yale meno membamba ya kitana: yapite kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama.

Hatua ya 4: Sasa maji. Yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Weka pamba masikioni. Zimua shampuu kwa maji, uipake kwa kushusha kiganja kufuata ulalo wa nywele. Usifikiche kama unayefua. Sabuni ya mche iache kwenye beseni la nguo, maana humkausha ngozi. Suuza hadi maji yatoke bila povu, kisha suuza tena, hasa tumboni. Kuoga mara moja kila wiki 3 kunamtosha. Kitana ndicho cha kila siku.

Hatua ya 5: Kausha. Minya maji kwa taulo bila kusugua. Draya iwe ya joto dogo, kiganja chako kikiupima upepo kabla haujamfikia, na umchane papo hapo yanapokauka. Akiachwa ajikaukie juani, mafundo yanarudi.

Hatua ya 6: Nyayo na kucha. Punguza nywele zinazoota katikati ya nyayo. Kucha nyeupe huonyesha nyama ya waridi kwa ndani. Kata kabla ya kuifikia. Nyeusi ikate vipande vyembamba, na ukiona nukta nyeusi katikati ya pale ulipokata, acha hapo. Damu ikitoka, gandamiza konflawa ile ile kwa dakika chache, huku umempakata.