Jinsi ya kuomba kurekebishiwa masharti ya steji ukishindana kwa bastola kutoka kwenye kiti cha magurudumu

Omba kabla hujaanza steji, yaani zoezi moja la kulenga ndani ya mashindano. Omba kwa Mkuu wa Uwanja, yule ambaye washindani wengi humwita renji masta, wala si kwa mwamuzi aliyeshika saa. Tena omba kwa kila steji peke yake. Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu mimi niliyakosea: nilimweleza mwamuzi kwa mdomo, nikiwa tayari nimefika mstari wa kuanzia, nikadhani nimeomba. Steji hiyo ilinigharimu alama 80.

Nazungumzia ulengaji shabaha wa vitendo unaofuata kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Mchezo huu unapima usahihi, nguvu ya risasi na kasi kwa pamoja, na mshindani hutembea, huchuchumaa, huchungulia dirishani na kulenga kutoka pembeni mwa kuta. Ukiusoma hivyo unaweza kudhani hautuhusu sisi tunaotumia kiti. Unatuhusu, na kanuni yenyewe imetuwekea mlango. Mlango huo ni kanuni 10.2.10.

Kanuni hiyo ina njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Njia ya kwanza ni ya mtu yeyote asiyeweza kutimiza sehemu ya steji kwa sababu ya jeraha au udhaifu, hata aliyeteguka kifundo cha mguu juzi. Huyu anaomba apewe adhabu mahali pa sharti asiloliweza. Adhabu huanzia moja ya utaratibu (ile ya kutofuata maelekezo ya steji), yaani alama 10, na inaweza kufika asilimia 20 ya alama alizopata kwenye steji hiyo, ikikamilishwa kwenda juu. Ukipata 106, asilimia 20 ni 21.2, kwa hiyo unakatwa 22. Njia ya pili iko kwenye kifungu 10.2.10.2: mshindani mwenye ulemavu mkubwa wa mwili anaweza kusamehewa adhabu za utaratibu, zote au baadhi, na Mkuu wa Uwanja, kabla hajaanza steji. Hii ya pili ndiyo yetu. Itaje kwa namba yake. Ukisema tu "naomba mnifikirie", wengi watakumbuka ile ya kwanza, utakatwa alama, na atakayekukata atakuwa ameamini kwamba amekutendea wema.

Kujiandikisha mashindano ni kama kwa mtu mwingine yeyote, sina la kuongeza isipokuwa moja. Siku hiyohiyo andika barua fupi kwa mkurugenzi wa mashindano ukisema unatumia kiti, ni cha kusukuma kwa mikono au cha umeme, upana wake ni sentimita ngapi, na macho yako yako kimo gani ukiwa umekaa. Omba michoro ya steji ikiwa wanaitoa mapema. Upana wa kiti ndio unaoamua kama utapita kwenye mlango wa steji, na kimo cha macho ndicho kinachoamua kama utaiona shabaha iliyo nyuma ya pipa. Aliyejenga steji akiyajua hayo wiki moja kabla, anaweza kusogeza ubao mmoja na shida ikaisha. Akiyajua asubuhi ya mashindano, hawezi kuibadilisha steji ambayo wengine wameshaipiga.

Ukaguzi wa vifaa haupaswi kukupita haraka. Ala ya bastola lazima iwe kwenye mkanda kiunoni, kitako cha bastola kisishuke chini ya ukingo wa juu wa mkanda, na bastola isiwe mbali na kiwiliwili zaidi ya milimita 50. Ala ya kwapani hairuhusiwi. Kwa aliyekaa, nyonga ndipo gurudumu na egemeo la mkono vilipo, kwa hiyo mkono hugonga chuma kabla ya kufika kwenye bastola. Kuisogeza ala mbele ya nyonga kunatatua hilo, lakini divisheni ya Production, mojawapo ya makundi ambayo washindani hugawanywa kulingana na bastola na vifaa vyao, inataka bastola ikae nyuma ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Divisheni za Open na Standard hazina sharti hilo. Chagua divisheni ukiwa na kiti chako akilini, au uombe nafuu kwa maandishi. Kuna pia sharti kwamba mtutu wa bastola iliyo kwenye ala usielekee zaidi ya mita moja kutoka miguuni, na kipimo chake kimeandikwa kwa mtu aliyesimama. Sisi miguu yetu iko mbele. Muulize Mkuu wa Uwanja atapimaje kwako, na jibu lake liwe limeandikwa kabla ya siku kuanza.

Sasa nije pale nilipoumia.

Kila steji ina mistari ya mpaka chini. Ukifyatua sehemu ya mwili wako ikigusa ardhi nje ya mstari, unapata adhabu moja ya utaratibu. Ikiamuliwa kwamba kuvuka huko kumekupa faida kubwa, adhabu huwa moja kwa kila risasi. Kanuni inaongelea mwili, na mimi mwili wangu haukugusa ardhi hata kidogo. Lakini magurudumu madogo ya mbele ya kiti changu yalikuwa yamevuka mstari, nikapiga risasi nane kutoka pale. Mwamuzi aliona nimesogea karibu na shabaha, akaandika adhabu nane. Nane mara kumi ni themanini. Nilikuwa na alama 106 kwa sekunde 40. Kwa kuwa adhabu hutolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho hugawanywa kwa muda, matokeo yangu yalishuka kutoka 2.65 hadi 0.65.

Ningeuliza mapema, ingekuwa sentensi moja: kwenye kiti changu, mpaka unahesabiwa wapi? Gurudumu kubwa, gurudumu dogo au kibao cha miguu? Swali hili liwe la kwanza kwenye ombi lako kila mahali uendako, kwa maana nimekwisha kukutana na majibu mawili tofauti.

Baada ya hilo andika masharti ya steji moja baada ya nyingine. Steji ndefu hufika risasi 32, na kadiri inavyorefuka ndivyo vikwazo vinavyoongezeka. Ikisema "anza umesimama, visigino kwenye alama", andika unaomba kuanza umekaa, ekseli ya magurudumu makubwa ikiwa juu ya alama. Ikisema bastola iko mezani, angalia kama magoti yanaingia chini ya meza, la sivyo omba uichukue kutoka ubavuni. Ikitaka upige magoti kwenye dirisha la chini, pima kwanza, kwa kuwa mara nyingi kimo chetu kinatosha dirisha hilo vizuri kuliko cha aliyesimama, na hapo huna haja ya kuomba chochote. Usiombe usichohitaji. Ombi lenye mambo manne ya kweli husikilizwa kuliko lenye kumi na mawili ya tahadhari. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na sahihi yake. Ukifika kwenye steji, mwonyeshe mwamuzi nakala hiyo kabla hajakuamuru ujaze risasi.

Kuna jambo ambalo halisamehewi na sitaki mtu yeyote aliombee msamaha: usalama. Kifungu cha 10.2.10 kinagusa adhabu za utaratibu tu. Ukielekeza mtutu kwenye sehemu yoyote ya mwili wako, unaondolewa mashindanoni. Ipo nafasi moja, chini ya 10.5.5: mtutu ukipita sehemu za mwili zilizo chini ya mkanda wakati wa kuchomoa au kurudisha bastola kwenye ala, huondolewi, mradi vidole viko nje kabisa ya kikinga cha kifyatulio. Nafasi hiyo inaisha uchomoaji unapoisha. Mapaja yetu yamelala mbele yetu muda wote, kwa hiyo ukibadilisha magazini au ukigeuza kiti na bastola mkononi, magoti yanaweza kuingia kwenye njia ya mtutu bila wewe kuhisi, hasa kama miguu haina hisia. Fanya mazoezi na bastola tupu, mtu akuangalie kutoka ubavuni, mpaka mikono izoee kupita juu ya magoti.

Kusukuma kiti nako kunahitaji mikono miwili, na mmoja una bastola. Usijaribu kuiweka mapajani. Ikianguka umeondolewa. Muulize Mkuu wa Uwanja kama unaweza kusukumwa na msaidizi, nani atakuwa huyo, na atasimama wapi. Funga breki kabla ya kila msururu wa risasi, kwa sababu msukumo wa bastola hurudisha kiti nyuma kidogo kidogo, na mstari wa nyuma nao ni mpaka.

Ukimaliza, soma karatasi ya alama kabla ya kutia sahihi. Mimi nilisaini kwa sababu nyuma yangu palikuwa na watu wanasubiri na nilikuwa na aibu ya kuwachelewesha. Ukishasaini, karatasi hiyo ndiyo ya mwisho. Kama hukubali, sema hapohapo kwa mwamuzi mkuu wa steji, kisha kwa Mkuu wa Uwanja. Akikataa naye, rufaa ya maandishi kwa kamati lazima ifike ndani ya saa moja tangu tukio litokee. Saa moja ni fupi sana ukiwa unavuka changarawe kwa kiti, basi tembea na kalamu na karatasi.

Nakala zenye sahihi usizitupe. Ukiomba kibali cha kubeba silaha, pale ambapo sheria inakiruhusu na kudai jaribio la kulenga, ambatanisha nazo ombi la kufanya jaribio ukiwa umekaa. Lipeleke pamoja na fomu, usilibakize hadi siku ya jaribio. Barua inayoonyesha kwamba wasimamizi wamekuona ukipiga kwa usalama ukiwa kwenye kiti inajibu swali ambalo mkaguzi anasita kukuuliza usoni. Njoo na kiti kilekile unachotumia kila siku na ala ileile utakayobebea. Mkaguzi akikuuliza bastola itakaa wapi, jibu ni mwilini mwako, ndani ya ala inayofunika kifyatulio. Mfuko unaoning'inia nyuma ya kiti usiutaje kabisa: huuoni, mtu mwingine anaufikia kabla yako, na siku utakapohamia kwenye gari, kiti kitakunjwa na kupelekwa buti kikiwa na bastola yako.