PLL inayoshika upesi na isiyovuja: ninavyoijenga Dodoma

Jenereta ya masafa ninayotumia kupimia redio nimeijenga mwenyewe kwa PLL, yaani kitanzi kinachofunga masafa ya osileta (saketi inayotoa mawimbi) yafuate masafa thabiti ya marejeo, kwenye banda langu hapa Chang'ombe. Kiangazi chote ilishika vizuri. Mvua za Januari zilipoingia, kila redio niliyoipima ikawa na mluzi mwembamba na masafa yakawa yanatikisika. Nilibadilisha aisi (IC, yaani chipu) mara mbili bila faida. Ubovu ulikuwa kwenye bodi yenyewe, na kwenye kondensa niliyoichagua kwa fikra isiyo sahihi. Nieleze ninavyoijenga sasa.

Moyo wake ni aisi ya 74HC4046 kwa volti 5. Ndani yake mna osileta inayoongozwa na volti (yangu inakwenda MHz 1 hadi 2) na vilinganishi vya fezi, vinavyolinganisha mawimbi mawili kuona lipi limetangulia. Tumia kilinganishi cha pili, kinachotokea mguu wa 13. Masafa yakishatulia, hicho hakisukumi wala hakivuti. Kinaachia, na volti inabaki imeshikwa na kondensa peke yake. Marejeo ni kHz 10, kutoka kristali ya MHz 4 iliyogawanywa kwa 400. Osileta inagawanywa kwa namba kati ya 100 na 200.

Kabla ya hesabu, pima osileta yako. Ondoa kichujio (resista na kondensa ninazoeleza hapa chini), peleka volti 1.5 mguu wa 9, unaopokea volti ya kuongoza osileta, kwa potenshiometa, soma masafa, kisha rudia kwa volti 3.5. Yangu ilitoa kHz 333 hivi kwa kila volti. Usichukue namba ya mwenzako, maana hubadilika kwa kila kondensa na resista utakazoweka.

Kichujio: R1 kutoka mguu wa 13 kwenda wa 9, halafu kutoka mguu wa 9 kwenda ardhi R2 ikifuatana na kondensa. Nilianza na kilo-omu 39, kilo-omu 33 na nanofaradi 22. Hesabu ni hii: chukua 0.4 (yaani volti 5 gawa kwa 4π), zidisha kwa kasi ya osileta kwa radiani (Hz 333,000 kwa volti mara 2π), gawa kwa 150 ambayo ni namba ya katikati ya mgawanyo, gawa tena kwa (R1+R2) mara C, kisha tafuta kipeuo cha pili. Nilipata masafa asilia ya kitanzi: radiani 1,870 kwa sekunde, karibu Hz 300, na kitanzi kinatulia kwa milisekunde 3 hivi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipokosea. Nilichagua kondensa ndogo nikidhani ndiyo inayoleta kasi. Siyo. Kasi inatokana na resista na kondensa zikizidishwa pamoja. Weka nanofaradi 220 na ushushe resista mara kumi, kilo-omu 3.9 na 3.3, kitanzi kitashika kwa kasi ileile kabisa. Kinachobadilika ni athari ya mvujo, yaani mkondo unaotoroka kwenye kondensa. Mkondo unaovuja ukiwa maikroampia 1, nanofaradi 22 inapoteza milivolti 4.5 katika kila maikrosekunde 100 za marejeo. Kwa osileta yangu hizo ni Hz 1,500 za kutikisika, mara elfu kumi kwa sekunde. Kwa nanofaradi 220 ni Hz 150. Aisi haisumbuki: mkondo unaotoka mguu wa 13 haufiki hata miliampia moja.

Kondensa yenyewe iwe ya filamu ya polipropilini. Usiweke ya elektroliti hapo, kwani yenyewe inavuja.

Maikroampia moja inatoka wapi? Nilipoinua bodi ile juani niliona fluksi (mabaki ya dawa ya kulehemu) ya manjano kandokando ya njia ya mguu wa 9, na vumbi letu jekundu limenasa juu yake. Likikauka halina neno. Likinyonya unyevu wa masika linakuwa resista ya megaomu chache kwenda ardhi. Nilisugua kwa mswaki na spiriti isiyo na maji mengi, nikafuta kwa pamba, nikarudia mpaka pamba ikatoka nyeupe, nikakausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Mluzi uliondoka siku hiyohiyo. Bodi mpya nazizungushia mguu wa 9 na njia yake ya kichujio mkanda wa shaba uliounganishwa na mguu wa 10, ambao volti yake hufuata ya mguu wa 9. Mvujo unaotoka mahali palipo na volti ileile karibu haupo.

Mguu huohuo wa 10, ukiwekewa kilo-omu 100 kwenda ardhi, ndio wa kupimia. Wanafunzi wanaoniletea miradi yao hugusa mguu wa 9 moja kwa moja kwa multimita. Multimita ya megaomu 10 kwenye volti 2.5 inavuta nanoampia 250. Hapo umeuongeza mvujo wewe mwenyewe. Kwenye mguu wa 10 oskiloskopu inaonyesha sindano nyembamba kila maikrosekunde 100 na mteremko kati yake. Mteremko ndio mvujo wako. Sindano zinapungua ukiweka nanofaradi 10 kutoka mguu wa 9 kwenda ardhi.

Ukitaka kasi zaidi, shusha R1 iwe omu 150 na R2 iwe kilo-omu 1.6, kondensa ibaki nanofaradi 220. Inashika kwa milisekunde 1.6. Hapo upana wa kitanzi (masafa ya juu ambayo kitanzi bado kinaweza kuyafuata; si masafa asilia ya juu) umefika Hz 800, na haufai kuvuka sehemu ya kumi ya marejeo, kwa hiyo baada ya hapo pandisha marejeo yenyewe, kama kazi yako inaruhusu hatua kubwa zaidi kati ya masafa na masafa. Fahamu pia kwamba sindano sasa zina urefu mara mbili; mvujo ukiwa mdogo huwa nyembamba, ndiyo maana mimi nilisafisha bodi kwanza.

Jaribio la mwisho ni joto, kwa sababu mvujo wa ndani ya aisi huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, na chini ya mabati ya Oktoba hapa kwetu si mchezo. Pulizia bodi hewa moto huku ukiangalia mguu wa 10. Mteremko ukikua papo hapo na kupungua bodi ikipoa, ni aisi. Ukipungua kwa joto na kurudi usiku wa mvua, chukua tena mswaki.