Jinsi ya kumwombea hifadhi mtoto aliyefika peke yake kwa bahari

Kazi inaanza pale gatini, mtoto akiwa bado amejifunika blanketi. Ofisa wa kwanza mwenye kalamu asikie mambo mawili: sijatimiza miaka 18, na naogopa kurudi nilikotoka. Kukosa viza kusimtie hofu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza bila kuchelewa. Cha 33 kinakataza kumrudisha huko.

Kagua tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Asiyejua siku yake mara nyingi huandikiwa 1 Januari, na hapo hakuna neno. Balaa ni mwaka: ukikosewa mmoja tu, wa miaka 17 anageuka mtu mzima na kulazwa na wanaume asiowajua. Isahihishwe kabla hajatia saini. Kama kaja na mdogo wake, waseme kabla hawajapandishwa mabasi tofauti.

Kisha omba mlezi wa kisheria na wakili. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinaitaka serikali imlinde mtoto anayeomba hifadhi na isaidie kuwatafuta wazazi wake. Msalaba Mwekundu hufanya kazi hiyo ya kutafuta. Ubalozi wa nchi aliyoikimbia usiusogelee.

Sasa fomu na usaili, ambako wengi hukwama. Kiswahili chetu kina mitego. Mtoto akisema "baba" ndiye aliyempandisha boti, akimaanisha baba mdogo, huandikwa baba mzazi. Siku ya usaili akieleza kwamba baba aliuawa, ataulizwa ni nani basi aliyempandisha boti. "Saa mbili usiku" ikitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiingereza inakuwa saa nane usiku. Afafanue mwenyewe, tena polepole. Wasipoelewana na mkalimani, aombe mwingine. Huo si ukorofi. Asichokumbuka aseme hakumbuki, na asiazime kisa cha mwenzake wa safarini (maofisa wamevisikia vyote). Asomewe maelezo yake kwa lugha yake ndipo asaini, na nakala abaki nayo.

Jibu likiwa la kukataliwa, ipo rufaa, ila siku zake ni chache na kwa kawaida huhesabiwa tangu barua ipokelewe. Andika tarehe juu ya bahasha, umfikishie wakili siku hiyo hiyo.