Namna ya Kuunda Roketi Ndogo ya Mota Tatu na Kuirusha Kando ya Ziwa

Mwenye kupunguza kipimo cha roketi ya mfano hugundua mapema kwamba bomba, pua na mapezi hupungua kadiri apendavyo, lakini mota, yaani vibomba vya baruti vinavyoisukuma roketi, hazipungui. Mota za baruti zinazouzwa tayari huja kwa vipenyo maalumu, kama vile milimita 13, 18 na 24, na kazi karibu yote inayoelezwa hapa inatokana na ukweli huo.

Tuchukue roketi kubwa yenye bomba la milimita 66 na mota tatu za milimita 24. Ukiijenga upya kwa bomba la seti ya kuundia roketi, lenye kipenyo cha milimita 41.6, uwiano wako ni 0.63, na kila kipimo cha roketi ya asili utakizidisha kwa namba hiyo: mwili wa sentimita 100 utakuwa wa sentimita 63, na pezi lenye unene wa milimita 5 litakuwa la milimita 3. Mota kwa uwiano huohuo zingetakiwa ziwe za milimita 15, nazo haziuzwi, hivyo utatumia za milimita 18. Matokeo yake ni roketi yenye mkia mzito kuliko ile iliyoizaa, na uzito huo utaufidia kwenye pua baadaye.

Vibomba vitatu vya kushikia mota, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nje cha milimita 18.7, vikifungwa pamoja kwa umbo la pembetatu huenea ndani ya duara la milimita 40.3, na kipenyo cha ndani cha bomba letu ni milimita 40.5. Hakuna haja ya pete za karatasi za kuviweka katikati; gundi ya mbao inatosha, mradi vibomba vyote vilingane kwa urefu na vinyooke. Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi huipita haraka. Kati ya vibomba hivyo, na kati yake na ukuta wa mwili, hubaki matundu, na baruti ya kufyatulia mwavuli ikilipuka gesi yake itapitia humo kurudi nyuma na kuuacha mwavuli ndani. Loweka vipande vya karatasi laini ya tishu kwenye gundi ya mbao, visukumie ndani ya matundu kwa njiti ya kiberiti, viache vikauke usiku kucha, kisha pakaa epoksi juu yake. Asubuhi yake ziba midomo ya vibomba vya mota kwa kitambaa, elekeza bomba dirishani na uchungulie kutoka mbele. Ukiona hata nukta moja ya mwanga, rudia.

Kamba ya kuunganisha pua na mwili iliyomo katika seti mara nyingi ni mpira mfupi, nao hauhimili kishindo cha mota tatu. Funga kwenye kiti cha mota kamba isiyoungua, kisha kuanzia juu yake unganisha mita moja ya uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ule unaouzwa kwa rola pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nailoni isikaribie mota, kwa kuwa joto huiyeyusha.

Mapezi ya balsa yakatwe nyuzi za ubao zikifuata ukingo wa mbele, yapigwe msasa, yabandikwe kwa gundi ya mbao, na kila kiungo kipakwe gundi ya pili ya kujaza kona. Mimi huyaongeza ukubwa kidogo kuliko uwiano unavyotaka. Wapenda usahihi wa kipimo watanilaumu, lakini mkia mzito unahitaji mapezi ya kutosha. Kisha weka mota zote tatu na mwavuli, sawazisha roketi juu ya uzi na utie alama pale inapotulia. Kitovu hicho cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha kanieneo ya hewa, yaani pale nguvu ya hewa inayoisukuma roketi pembeni inapojikusanya, kwa angalau kipenyo kimoja cha mwili, yaani takribani sentimita 4. Ikipungua, ongeza udongo wa kuchezea ndani ya pua, kidogo kidogo. Usitumie risasi za nyavu ingawa zimejaa sokoni, kwa sababu roketi ya mfano haipaswi kuwa na metali kwenye pua.

Mota tatu za daraja C (herufi huonyesha jumla ya msukumo wa mota) zenye wastani wa nyutoni 6 kila moja hutoa nyutoni 18, na roketi ya gramu 250 ina uzito wa nyutoni 2.5 hivi, kwa hiyo nguvu ipo ya kutosha zikiwaka zote. Roketi ya Saturn V, ile iliyopeleka watu mwezini, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967 kwa injini tano katika hatua ya kwanza, iliweza kugeuza injini nne za pembeni ili kusahihisha mwelekeo, yetu haiwezi. Moja ikikataa kuwaka, msukumo unahama pembeni na roketi inalala. Yangu ya kwanza iliwasha mbili, ikainama kuelekea majini na kuishia kwenye matete. Nilipoitoa mota ya tatu niliona ncha nyeusi ya kiwashio, yaani waya mdogo wa umeme unaowasha baruti, imerudi nyuma milimita mbili tu, kwa sababu niliivuta nilipokuwa nikikunja nyaya.

Basi kiwashio kiguse baruti kabisa, na kizibo chake kikibane. Viunganishe viwashio vyote kwa sambamba, kamwe si kwa mfuatano, kwani katika mfuatano kitakachokatika kwanza kitavinyima vingine umeme. Tumia betri ya pikipiki ya volti 12 iliyochajiwa siku hiyo. Betri za tochi hazitoi ampea za kutosha viwashio vitatu. Mota ziwe za aina moja na za pakiti moja, na zisiachwe ndani ya gari juani, maana joto la kupanda na kushuka hutia nyufa katika baruti na mota yenye ufa hupasuka.

Kwa kuwa mota hizi ni baruti, pata kibali cha kuwa nazo na cha kuzirusha kabla ya kuagiza, na ukae mbali na Ilemela upande wa uwanja wa ndege. Chagua kiwanja kipana kisicho na nyasi kavu. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na baadaye mchana hugeuka. Rusha katika ule muda wa asubuhi ambapo wa kwanza umekufa na wa pili haujaanza. Tazama juu kwanza, kwani korongo na mwewe hawakosekani. Watu wote wasimame angalau mita 9 kutoka kwenye fimbo ya kurushia, kisha hesabu kwa sauti na ubonyeze. Roketi isipoondoka, tenganisha betri na usubiri dakika nzima kabla ya kusogea.

Ikishatua, chomoa mota moja moja na uchungulie kila mojawapo pande zote mbili. Iliyobaki na baruti ndani ihesabiwe kuwa hai hata baada ya kukitoa kiwashio chake.