Pima ncha zote mbili za pini kabla ya kuigonga
Kwa mafundi wa Kigoma ambao bado wanakereza shafti za boti kwa mashine za zamani: mnapofungua giaboksi ya mashine hizo, msigonge pini inayoshikilia gia kwenye shafti kabla ya kufuta oili na kupima ncha zake zote mbili kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene). Pini nyingi za namna hii zimechongoka kidogo sana, 1:48 kwa zile za inchi na 1:50 kwa zile za milimita (yaani unene hupungua kipimo kimoja kwa kila vipimo 48 au 50 vya urefu), kiasi kwamba jicho peke yake hudanganyika. Ukiigonga kwenye ncha nene unaikaza zaidi, na hapo ndipo gia ambayo haipatikani tena dukani hupasuka. Egemeza shafti juu ya mbao ngumu yenye tundu la kupitishia pini, weka panchi bapa (chuma cha kusukumia pini) kwenye ncha nyembamba, kisha piga pigo moja zito, kwa sababu mapigo mengi mepesi huiponda ncha na kuitanua. Ikiwa ncha zimekwisha kupondwa na fundi aliyetangulia, kipimo hakitaaminika. Na ikiwa pini imekatikia ndani, itoboe katikati kwa keekee, kisha usafishe tundu kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) yenye mchongoko uleule.