Jinsi ya kung'oa lusina na lantana (mimea vamizi) kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam

Kwanza muoneni mwenyekiti wa mtaa, msiingie tu na mapanga. Nendeni kiangazi, Juni mpaka Septemba hivi, maana masika mto unajaa ghafla. Gambuti na glavu ngumu ni lazima jamani, kuna chupa zilizovunjika na maji yenyewe machafu sana.

Sasa lusina. Huo mti ukiukata tu unachipua upya, kwa hiyo miche midogo ng'oeni na mzizi wake wakati ardhi bado ina unyevu, mikubwa kateni chini kabisa halafu mrudi kila baada ya wiki kadhaa kutoa machipukizi mpaka kisiki kife, na maganda ya mbegu yatieni kwenye viroba yakiwa bado mabichi, yakikauka yanapasuka na mbegu zinakaa ardhini miaka mingi. Lantana chimbeni shina kwa sururu, na majani yake msiwape mbuzi, yana sumu.

Naomba sana msifyeke ukingo wote siku moja! Udongo ukibaki mtupu unabebwa na mvua. Fanyeni kipande kipande, matete yaacheni yanashika udongo, na mabaki msitupe mtoni yakaenda kuziba mto kule eneo la Jangwani.